Likizo ya Lamu kutoka Jomvu Kuu: panga safari bila kugusa karo ya Januari

Shule zikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka, swali nyumbani huwa ni lile lile: watoto tutawapeleka wapi? Wengi wetu huku Pwani tumeishi karibu na miji ya kihistoria tangu tuzaliwe, lakini hatujaifika. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuiona, na sisi tulio mwendo wa siku moja kwa basi tunaiona kwenye kalenda tu.

Shida kubwa huwa si hamu ya kwenda, ni pesa. Na si kwamba pesa hazipo kabisa. Ni kwamba zinatoka kidogo kidogo bila mpango: nauli leo, arbuni ya nyumba kesho, kutoa kwa wakala keshokutwa, mpaka Januari inafika na karo haipo. Somo la leo ni la kuzuia hilo. Tutapanga safari ya familia ya watu watano kutoka Jomvu Kuu hadi Lamu, hatua kwa hatua, tukitumia simu hiyo hiyo uliyo nayo mkononi, iwe simu janja au kabambe.

Kwa nini Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ni mji wa Waswahili ambao bado watu wanaishi ndani yake, wanaswali, wanaoana na kufanya biashara katika nyumba za mawe na njia nyembamba ambazo gari haliwezi kupita. Mizigo inabebwa na punda na mikokoteni. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, iko katikati ya mji. Ilikuwa jela kwa miaka mingi, na leo ni jumba la makumbusho. Pwani mbele ya bahari kuna Makumbusho ya Lamu, na ndani ya mitaa kuna Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, unaojulikana kwa Maulidi yake.

Kwa mtu wa Jomvu Kuu kuna sababu ya ziada. Wajomvu ni mmoja wa Tisa Taifa, katika ile Miji Kumi na Miwili ya Mombasa. Katika Tisa Taifa hizo hizo wamo Wapate na Wafaza, ambao asili ya majina yao ni miji ya kisiwa cha Pate, huko huko Lamu. Kwa hivyo unapompeleka mtoto Lamu, unampeleka pia kuona upande wa pili wa historia ya kwao.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya kugusa pesa

Tarehe ndiyo inayoamua bei. Mambo matatu ya kuangalia:

Kwanza, Maulidi ya Lamu. Hufanyika Mfunguo Sita, na mji hujaa wageni kutoka pande zote. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Maulidi hurudi nyuma kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Ukitaka kuyaona, tafuta nyumba miezi kadhaa mapema. Kama shida yako ni bei, nenda wakati mwingine.

Pili, msimu. Desemba ni wakati wa kaskazi, jua ni kali lakini bahari huwa nzuri kwa safari za boti. Mvua za masika zinazoanza Machi au Aprili, na upepo wa kusi unaofuata, si wakati mzuri wa kuwapeleka watoto baharini.

Tatu, sikukuu za Desemba. Karibu na Krismasi na mwaka mpya nauli na nyumba hupanda. Ukienda wiki moja kabla, unaokoa pesa na unarudi nyumbani ukiwa na muda wa kujitayarisha na shule.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safari nzima

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anahesabu nauli na nyumba, anasema "basi, tumemaliza." Chukua karatasi na uandike kila shilingi itakayotoka kuanzia mlangoni kwako mpaka utakaporudi.

Safari yenyewe iko hivi: kutoka Jomvu Kuu unaenda mjini kupitia Changamwe na Makupa, unapanda basi la Lamu, unapita Kilifi, Malindi, Garsen, Witu na Hindi hadi Mokowe. Barabara inaishia hapo. Mokowe unashuka kwenye gati na kuvuka kwa boti hadi kisiwani. Ni zaidi ya kilomita 300, kwa hivyo hesabu siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi.

Huu ni mfano wa familia ya watu 5, usiku 3. Bei tumeziweka za kufanyia hesabu tu. Wewe uliza za siku hiyo kisha ubadilishe.

- Matatu na tuktuk, Jomvu Kuu hadi mjini na kurudi: Sh1,000
- Basi, watu 5 kwa Sh1,500, kwenda na kurudi: Sh15,000
- Boti ya Mokowe, watu 5 kwa Sh150, kwenda na kurudi: Sh1,500
- Nyumba yenye jiko, usiku 3 kwa Sh4,000: Sh12,000
- Chakula, siku 4 kwa Sh2,000: Sh8,000
- Viingilio na matembezi ya boti: Sh4,500

Jumla ni Sh42,000. Ongeza sehemu moja kwa kumi, yaani Sh4,200, kwa ajili ya dharura na ada za kutuma na kutoa pesa. Sasa tuna Sh46,200.

Ukiiangalia hiyo Sh46,200 kwa mara moja, inatisha. Igawanye. Ukianza tarehe 1 Julai, una wiki 24 mpaka katikati ya Desemba. Sh46,200 ukigawanya kwa 24 ni Sh1,925 kwa wiki. Kwa siku ni Sh275. Mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, au kijana wa bodaboda, hiyo anaweza kuiangalia na kusema kama anaiweza au haiwezi. Na jibu lolote kati ya hayo mawili ni zuri, maana umelijua Julai. Kulijua Desemba ndiyo hasara.

Hatua ya 3: Karo kwanza, safari baadaye

Hapa tunasema waziwazi: pesa za safari na pesa za karo zisikae mahali pamoja. Zikichanganyika, karo ndiyo italiwa, kwa sababu Januari iko mbali na Lamu iko karibu.

Fanya hivi:

1. Fungua akiba mbili tofauti kwenye simu. Moja iite KARO, nyingine iite LAMU. Jina lina nguvu zake. Ni vigumu kidogo kutoa pesa mahali palipoandikwa KARO ili ununue soda.

2. Akiba ya KARO ifunge mpaka tarehe ya wiki ya kwanza ya Januari. Akiba ya LAMU ifunge mpaka wiki mbili kabla ya safari, maana hapo ndipo utahitaji kulipa arbuni na tiketi.

3. Kila siku jioni ukifunga hesabu ya kazi, weka ya KARO kwanza. Ikibaki, ndiyo uweke ya LAMU. Siku ambayo hakuna kilichobaki, LAMU isubiri.

4. Mwisho wa kila mwezi angalia. Ikiwa baada ya miezi mitatu akiba ya LAMU haijafika nusu, yaani Sh23,100, punguza safari. Usiku 2 badala ya 3, au watu 4 badala ya 5. Usiizibe kwa mkopo wa simu.

Kuhusu mikopo, tuelewane vizuri. Mkopo wa muda mfupi unaweza kumsaidia mfanyabiashara kununua mzigo atakaouza kesho, kwa sababu mzigo unarudisha pesa. Likizo hairudishi pesa. Ukikopa kwenda Lamu, utaanza Januari ukidaiwa mkopo, ada yake, karo na kodi ya nyumba kwa pamoja. Picha nzuri za baharini hazitakulipia hata moja.

Hatua ya 4: Arbuni, mahali wengi huibiwa

Matapeli wa nyumba za likizo wanajua Desemba watu wana haraka. Wanachukua picha za nyumba ya mtu mwingine, wanaziweka mtandaoni kwa bei ya chini, kisha wanakuambia kuna mteja mwingine anataka kulipa, kwa hivyo tuma arbuni sasa hivi. Ukituma, simu inazimwa. Familia inafika gatini Lamu jioni, na mizigo na watoto, na hakuna nyumba.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, fanya haya manne:

*Uliza kwa maandishi.* Meseji inabaki kama ushahidi, maneno ya simu hayabaki. Unaweza kuandika hivi: "Assalam aleikum. Twatoka Jomvu Kuu, watu watano, twataka nyumba usiku tatu kuanzia Jumatatu. Bei yako yote kwa yote ni ngapi? Arbuni ni kiasi gani, na tukipata dharura inarudi au hairudi?" Mwenye nyumba wa kweli atajibu maswali yote matatu. Tapeli atajibu moja tu, lile la arbuni.

*Tafuta mtu wa kuthibitisha.* Nani hana jirani, shemeji au mtu wa msikitini au kanisani aliye na jamaa Lamu? Mpigie, mwambie apite mtaani aangalie. Kwa hoteli na nyumba za wageni zilizosajiliwa, omba kuona leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Aliye nayo haoni tabu kukuonyesha.

*Soma jina kabla ya kuthibitisha.* Kama huduma yako inakuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, lisome. Likiwa tofauti na la mwenye nyumba uliyezungumza naye, simama. "Hiyo ni laini ya ndugu yangu" si jibu la kutosha. Mwambie akupe nambari iliyo kwa jina lake, au nambari ya kulipia ya biashara.

*Toa arbuni, si bei yote.* Lipa sehemu ndogo mnayokubaliana, na iliyobaki lipa ukiwa umefungua mlango na kuona vitanda. Anayedai yote mapema kwa nyumba usiyowahi kuiona anakubebesha hatari yote peke yako.

Jambo jingine dogo: ukiambiwa "tuma na ya kutolea", hesabu. Kutuma kwa mtu kuna ada yako, na kutoa kwake kuna ada nyingine, na zote mbili sasa unalipa wewe. Kulipa kwa nambari ya biashara mara nyingi ni nafuu kwa mteja, na linabaki jina la biashara kwenye ujumbe. Pia, kutuma mara moja kwa kawaida ni rahisi kuliko kuvunja kiasi kile kile mara nne.

Ukishatuma, usifute ule ujumbe wa kuthibitisha. Ile kodi ya muamala ndiyo risiti yako. Inakili kwenye daftari, tarehe na kiasi. Na ukigundua umekosea nambari, piga simu huduma kwa wateja papo hapo, usingoje kufika nyumbani. Pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha huwa kazi ngumu.

Hatua ya 5: Njiani

Barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu ina vizuizi vya polisi, na abiria hukaguliwa. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha taifa, si picha yake kwenye simu. Kwa watoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Uliza ofisi ya basi kuhusu hali ya usalama na saa ya kuondoka, na chagua basi linalofika Mokowe kukiwa bado mchana.

Tiketi nunua ofisini au kwa nambari rasmi ya kampuni ya basi. Vijana wa stendi wanaokuambia "nitumie mimi, nikukatie" waachie wengine.

Pesa usiziweke zote kwenye laini moja. Tuseme baba na mama wote wanasafiri: zigawanye laini mbili, na kila mmoja awe na pesa taslimu kidogo za maji, choo na boti. Simu zijazwe chaji usiku uliotangulia. Simu iliyozima ni sawa na pochi uliyoisahau nyumbani.

Hatua ya 6: Ukiwa Lamu

Mjini Lamu utapata mawakala na maduka yanayopokea malipo ya simu. Lakini siku za watu wengi wakala anaweza kuishiwa na pesa taslimu. Ukihitaji za kutoa, toa asubuhi, na toa kiasi cha siku mbili kwa mara moja. Kutoa mia tatu tatu kila saa kunakula akiba yako kwa ada.

Viingilio vya makumbusho: malipo ya huduma za serikali yamehamishiwa eCitizen, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni mojawapo. Hakikisha akaunti yako inafunguka na unaikumbuka nywila yake kabla hujaondoka Jomvu Kuu. Beba kitambulisho pia, kwa sababu raia wa Kenya hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni.

Matembezi ya boti: ukitaka kwenda kuona magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, kumbuka njia inapita katika mkono wa bahari wenye mikoko, na boti huingia maji yakiwa yamejaa. Nahodha ndiye anayejua saa. Kubalianeni bei ya watu wote, kwenda na kurudi, kabla ya kupanda. Mpe sehemu mkiondoka, na iliyobaki mkirudi salama. Takwa hakaishi mtu, kwa hivyo beba maji na chakula, na usitegemee duka wala wakala huko.

Na si kila kitu kinalipiwa. Kutembea kandokando ya bahari kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, na ufuo uko wazi. Kuzunguka mitaani ukiangalia milango ya nakshi ni bure. Vaeni nguo za heshima mjini, na ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwanza.

Simu ikipotea au ikianguka baharini

Hutokea, hasa kwenye boti. Kopa simu ya mwenzako upige huduma kwa wateja laini ifungwe. Pesa haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti yako, kwa hivyo hazijazama nayo. Hatari ni mtu kuijua nambari yako ya siri. Basi isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, isiandikwe nyuma ya simu, na asiambiwe yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu. Sisi hatukuulizi nambari ya siri, iwe likizo au siku ya kazi.

Kama hesabu imekataa

Ikifika Oktoba na akiba ya LAMU haijafika popote, likizo haijafa. Kuna miji mingine ya urithi iliyo karibu zaidi. Gede, karibu na Watamu, iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2024, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingia katika orodha hiyo mwaka 2011, iko mwendo wa matatu kutoka kwako, na Mji wa Kale wa Mombasa uko ubavuni mwake. Siku moja huko, na kahawa chungu na kashata jioni, watoto wataikumbuka. Akiba ya LAMU iache ilivyo, iendelee mwaka ujao. Hakuna aliyekuwekea tarehe ya mwisho ila wewe.

Zoezi la leo

Usiku wa leo, kabla hujalala, fanya mambo matatu tu:

1. Andika jumla ya karo utakayodaiwa Januari, watoto wote.
2. Andika jumla ya safari yako kwa kutumia orodha ya hatua ya 2, na bei ulizouliza mwenyewe.
3. Gawanya kila moja kwa idadi ya siku zilizobaki.

Jumlisha hizo mbili za mwisho. Kama kazi yako inaweza kutoa kiasi hicho kila siku na bado nyumba ikala, fungua zile akiba mbili kesho asubuhi, KARO kwanza. Kama haiwezi, punguza upande wa LAMU mpaka hesabu ikubali. Karo usiiguse.